KADI MBILI ZA PICHA KATIKA KOMPYUTA MOJA

Wako wenzetu wengi, shuleni na majumbani, wapendao michezo ya kompyuta, na swali moja huzuka mara kwa mara kati yao: kama kadi moja ya picha haitoshi, je, ukitia ya pili mchezo utakwenda kasi mara mbili? Swali hili si la vijana tu. Mzazi anayeombwa fedha za kadi ya pili yafaa ajue jibu lake kabla ya kufungua mfuko. Nitajaribu kulieleza kwa hesabu ambazo hata mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuzifuata.

Kazi ya kadi ya picha

Picha tunayoiona ikitembea kwenye kioo cha kompyuta kwa kweli haitembei. Ni picha nyingi zilizotulia, zinazofuatana upesi, kama zile za sinema ambazo ni 24 kwa kila sekunde. Lakini picha za sinema zimekwisha pigwa zamani; za mchezo huchorwa papo hapo, kwa kuwa kompyuta haiwezi kujua mchezaji atabonyeza kitufe gani. Mchoraji ni kadi ya picha, ambayo mafundi huiita kadi ya grafiki. Kadi hii ina kichakataji chake na kumbukumbu yake yenyewe. Kioo cha kawaida huonyesha picha 60 kwa sekunde. Basi tukigawa milisekunde 1,000 kwa 60, twaona kwamba kadi imepewa milisekunde 16.7 tu za kumaliza picha moja. Ikichelewa, mchezo hukwamakwama.

Jinsi ya kugawana kazi

Mwaka 1998 kampuni ya Marekani iitwayo 3dfx ilitoa kadi ya Voodoo2. Mbili ziliweza kuunganishwa kwa waya, moja ikachora mistari ya witiri na nyingine mistari ya shufwa. Njia hiyo iliitwa SLI. Mwishoni mwa mwaka 2000 kampuni ya Nvidia ilipatana kununua mali ya 3dfx, na mwaka 2004 ikalirudisha jina la SLI kwa mtindo mpya. Mwaka 2005 kampuni ya ATI ilileta njia yake, CrossFire. Na ATI yenyewe ilinunuliwa na AMD mwaka 2006.

Katika mitindo hiyo mipya njia kubwa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni kugawana picha moja, kama watu wawili wanaopalilia shamba moja la maharage, huyu upande wa juu na yule upande wa chini. Taabu yake ni kwamba pande hazilingani. Juu ya picha aghalabu ni mbingu tupu, na chini kuna miti, nyumba na watu. Mmoja humaliza mapema akakaa kumngoja mwenzake.

Njia ya pili ni ya kupokezana. Kila mtu wa huku kwetu amewaona wanawake wawili wakitwanga muhogo katika kinu kimoja: mchi wa huyu ukipanda, wa mwenzake hushuka. Vivyo hivyo kadi ya kwanza huchora picha ya 1, ya 3 na ya 5, na kadi ya pili huchora ya 2, ya 4 na ya 6. Njia hii ndiyo iliyotumika zaidi.

Mfano wa jenereta

Kabla ya kuunganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2022, Kibondo na Kasulu zilipata umeme kwa jenereta za dizeli. Jenereta mbili zikitakiwa kubeba mzigo mmoja, fundi haziunganishi ovyo. Hapana budi ahakikishe kwamba volti zake ni sawa, kwamba zote zatoa mizunguko 50 kwa sekunde, na kwamba mawimbi yake yapanda na kushuka kwa wakati mmoja. Akiziunganisha kabla hazijapatana, mkondo mkubwa hupita kati yake na huweza kuziharibu.

Kadi nazo zina masharti. SLI ilitaka kadi mbili zenye kichakataji cha aina moja, kiunganishi kati yake, na ubao mkuu wenye nafasi mbili zinazofaa. Zaidi ya hayo, programu ya kuendesha kadi ilihitaji maelekezo maalumu kwa kila mchezo. Pasipo maelekezo hayo, kadi ya pili hukaa bure. Wahenga walisema mafahali wawili hawakai zizi moja. Kadi mbili hukaa, lakini kwa masharti.

Hesabu ya kasi

Tuseme kadi moja yachukua milisekunde 20 kuchora picha moja. Hizo ni picha 50 kwa sekunde. Kadi mbili zikipokezana sawasawa, picha mpya itatokea kila milisekunde 10, yaani picha 100 kwa sekunde. Hapa wauzaji husema, “Umeona? Mara mbili!”

Lakini tuseme kadi ya pili yaanza milisekunde 2 tu baada ya ya kwanza. Picha zitatokea katika milisekunde ya 0, ya 2, ya 20, ya 22, ya 40, ya 42, na kuendelea. Ukizihesabu utapata zile zile 100 kwa sekunde. Jicho, hata hivyo, laona picha mbili zilizobanana, kisha pengo la milisekunde 18, na mchezo huonekana kama wa picha 50. Kwa hiyo idadi ya picha peke yake haitoshi. Yatupasa tutazame pia nafasi iliyo kati yake.

Tena, kila picha bado imechorwa kwa milisekunde 20. Kupokezana huongeza idadi ya picha, lakini hakufupishi muda wa kuchora hata moja. Na kama kichakataji kikuu cha kompyuta chahitaji milisekunde 12 kuandaa kila picha, basi picha hazitazidi 83 kwa sekunde, hata ukitia kadi kumi.

Kumbukumbu na umeme

Wengi hudhani kadi mbili za gigabaiti 4 ni sawa na kadi moja ya gigabaiti 8. Sivyo. Katika kupokezana, kila kadi lazima iwe na nakala yake ya vitu vyote vinavyochorwa. Kwa hiyo mchezo waona gigabaiti 4 tu.

Umeme, kwa upande wake, hujumlishwa. Kadi ya GeForce GTX 980 ya mwaka 2014 imepimwa kwa wati 165. Kadi ya pili ya aina hiyo, ikifanya kazi kwa nguvu zote saa 4 kwa siku kwa siku 30, itatumia 165 × 4 × 30, yaani wati-saa 19,800, ambazo ni uniti 19.8. Katika bei zilizowekwa mwaka 2016, mteja wa matumizi madogo alitozwa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi, kabla ya kodi. Nyumba iliyozoea uniti 60 ingefika 79.8. Zile 15 za kwanza zingegharimu shilingi 1,500, na zile 4.8 zilizovuka mpaka zingegharimu 1,680. Uniti chache zilizozidi zimepita gharama ya zile nyingi!

Hesabu hizi nilizifanya likizoni kwa ajili ya mjomba wangu aliye Kasulu. Ana kompyuta yenye kadi moja ya namna hiyo ambayo wanawe huichezea, na muuzaji mmoja alimshauri atie ya pili iliyokwisha tumika. Fedha zenyewe zilikuwa za magunia ya maharage, na muhula wa shule ulikuwa karibu kufunguliwa. Aliitazama karatasi yangu kwa muda, kisha akauliza, “Sasa mjomba, muuzaji amesema uongo?” Nikamjibu, “Hapana, mjomba. Amesema nusu.” Kadi hakuinunua, fedha zilikwenda kwenye sare na madaftari.

Hali ilivyo sasa

Waundaji wenyewe wameiacha njia hii kwa michezo ya nyumbani. Nvidia ilitangaza kwamba tangu tarehe 1 Januari 2021 haitaongeza maelekezo mapya ya SLI kwa kadi zake za zamani. Katika kadi zake za michezo zilizoanza kutoka mwaka 2022, zile za GeForce RTX 40, hakuna tena mahali pa kiunganishi. AMD nayo ililiacha jina la CrossFire mwaka 2017. Mzigo wa kuzipatanisha kadi umeachiwa watunga michezo, na ni wachache wanaoubeba.

Hata hivyo kadi mbili si upuuzi kila mahali. Mtu anayetengeneza filamu ya katuni aweza kuipa kila kadi picha zake, nazo zisingojane, kwa kuwa hakuna mchezaji anayesubiri.  Hapo kazi yafanana na watu wawili wenye mashamba mawili.

Basi ndugu msomaji, ukishauriwa kununua kadi ya pili, uliza maswali manne: Je, mchezo wangu waweza kutumia kadi mbili? Kumbukumbu ya kadi moja yatosha? Kisanduku cha umeme cha kompyuta yangu chaweza kubeba wati zitakazoongezeka? Je, fedha hizo, pamoja na bei nitakayopata nikiuza kadi ya zamani, haziwezi kununua kadi moja iliyo bora? Ukijibiwa yote vizuri, nunua. La sivyo, ziweke fedha zako.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne