Kukodi Pikipiki Ughaibuni: Jinsi ya Kuepuka Wizi wa Kupangwa

Wakenya wanaosafiri kwenda nchi za Kusini Mashariki mwa Asia kwa biashara, masomo au mapumziko hukuta pikipiki za kukodi karibu kila mtaa. Katika miji ya Thailand kama Phuket na Chiang Mai, na vilevile Vietnam na kisiwani Bali nchini Indonesia, skuta ndiyo njia rahisi ya kuzunguka. Nchini Thailand, skuta ndogo hukodishwa kwa takriban baht 200 hadi 300 kwa siku. Kwa mtu aliyezoea bodaboda nyumbani, bei hiyo inavutia na kazi yenyewe haionekani kuwa na hatari.

Maduka mengi ya kukodisha ni ya watu waaminifu. Hata hivyo, wapo wachache ambao faida yao haitokani na kodi ya siku bali na fidia wanayomdai mgeni. Somo hili linaeleza jinsi ulaghai huo unavyofanywa na hatua ambazo msafiri anaweza kuchukua ili asiuingie.

Ulaghai unavyofanywa

Mbinu inayojulikana zaidi ni ya ufunguo wa pili. Mgeni hukodi skuta na kuacha pasipoti yake dukani kama dhamana. Anapojaza fomu huandika jina la hoteli anayolala. Mwenye duka hubaki na ufunguo mwingine wa skuta ileile, na pengine ameificha kifaa cha kuifuatilia ilipo. Usiku, au mgeni anapokuwa ufuoni, mtu hutumwa kuichukua. Hakuna kufuli iliyovunjwa wala kelele iliyosikika.

Mgeni akirudi na kukuta mahali patupu, huamini kwamba ameibiwa. Anapopeleka habari dukani huambiwa alipe bei ya skuta mpya, la sivyo hapati pasipoti. Skuta mpya ya cc 125 huuzwa Thailand kwa takriban baht 50,000 hadi 60,000, lakini iliyokodishwa huenda ilikuwa imetumika miaka mingi na thamani yake imeshuka sana. Mgeni mwenye ndege ya kesho yake hana muda wa kubishana, kwa hivyo hulipa. Baadaye skuta hiyo hubadilishwa nambari au hupelekwa mji mwingine, na kazi huendelea.

Mbinu ya pili ni ya uharibifu wa zamani. Mgeni anaporudisha skuta, mwenye duka huonyesha mikwaruzo iliyokuwapo tangu mwanzo na kudai pesa za kubadilisha kipande kizima. Hapa pia, anayeshikilia pasipoti ndiye mwenye nguvu.

Kwa nini pasipoti isiachwe dukani

Pasipoti ya Kenya ni mali ya Serikali ya Kenya. Aliyepewa ni mwenye kuitumia tu. Msafiri asiye nayo hawezi kupanda ndege ya kimataifa, na huenda akashindwa kujitambulisha anaposimamishwa na polisi au kujiandikisha katika hoteli nyingine.

Hasara huongezeka visa inapokwisha. Thailand humtoza mgeni aliyepitisha muda wake baht 500 kwa kila siku, hadi kikomo cha baht 20,000. Kwa hivyo mzozo wa siku chache dukani unaweza kuzaa faini uwanjani, tiketi iliyopotea na doa katika rekodi ya uhamiaji.

Badala ya pasipoti, msafiri atoe nakala yake pamoja na amana ya fedha taslimu, na apewe stakabadhi. Duka likikataa kabisa, ni heri kwenda jingine. Maduka yanayokubali amana yapo, hasa katika miji yenye watalii wengi. Amana ya baht elfu chache inauma ikipotea, lakini haimzuii mtu kurudi nyumbani.

Kabla ya kutia sahihi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mambo yafuatayo yahakikishwe yameandikwa:

1. Jina la mwenye duka, anwani na nambari ya simu. Nambari ya simu ipigwe palepale ili kuona kama inaita.

2. Nambari ya usajili wa skuta, ilinganishwe na hati ya usajili. Nchini Indonesia hati hiyo huitwa STNK, na dereva hutakiwa kuwa nayo barabarani.

3. Thamani ya skuta jinsi ilivyo sasa, na kiasi ambacho mteja atalipa ikiibiwa. Mkataba usiotaja kiasi humwachia mwenye duka nafasi ya kutaja bei apendayo.

4. Bima. Bima ya lazima ya Thailand hugharamia majeraha ya watu. Hailipi skuta iliyoibiwa wala iliyoharibika. Iulizwe kama kuna bima nyingine ya wizi, na jibu liandikwe.

Mkataba ukiwa katika lugha asiyoielewa, msafiri asitie sahihi kabla ya kutafsiriwa. Mhudumu wa hoteli anaweza kusaidia, au programu ya kutafsiri kwenye simu.

Leseni nayo isisahaulike. Leseni ya gari peke yake haimruhusu mtu kuendesha pikipiki. Inahitajika yenye daraja la A. Kibali cha kimataifa cha udereva hutolewa nchini na Automobile Association of Kenya, na msafiri anafaa kuuliza mapema kama kinakubalika katika nchi anayokwenda. Kampuni nyingi za bima ya safari hukataa kulipa ikibainika kwamba dereva hakuwa na leseni halali ya pikipiki.

Wakati wa kukabidhiwa

Msafiri aizunguke skuta akiirekodi kwa video, mwenye duka akiwapo. Aonyeshe vioo, taa, matairi, bomba la moshi, sehemu ya chini na kipimo cha mafuta. Kila mkwaruzo upigwe picha ya karibu. Picha hizo zitumwe papo hapo kwa simu ya mwenye duka, ili naye awe nazo zikiwa na tarehe na saa. Wakati wa kurudisha, shughuli hiyo irudiwe kabla ya ufunguo kukabidhiwa.

Kinga kubwa dhidi ya ufunguo wa pili ni kufuli ambayo mwenye duka hana ufunguo wake. Kufuli ndogo ya kufunga diski ya breki, au mnyororo wa kufunga gurudumu, huuzwa madukani kwa bei nafuu na inaingia kwenye begi. Msafiri anunue yake mwenyewe. Ya kupewa na duka haisaidii. Usiku skuta iegeshwe ndani ya ua wa hoteli au penye mlinzi na kamera. Na duka likitaka kujua anakolala, si lazima atoe nambari ya chumba.

Skuta ikitoweka

Hatua ya kwanza ni kituo cha polisi, si dukani. Nchini Thailand, Polisi wa Watalii hupatikana kwa nambari 1155. Msafiri apeleke mkataba, picha, ufunguo na kufuli yake kama imekatwa. Aombe taarifa ya maandishi, kama vile nyumbani angeomba nambari ya OB na hati ya polisi. Bila taarifa hiyo, hakuna kampuni ya bima itakayomsikiliza.

Mwenye duka aitwe kituoni, na mazungumzo ya fidia yafanyike mbele ya maafisa. Mwenye duka mwaminifu aliyeibiwa kweli atataka polisi waitafute mali yake. Anayesisitiza mambo yamalizwe kimyakimya na pesa zitolewe usiku huohuo anajitilia shaka mwenyewe.

Ikiwa pasipoti tayari imezuiliwa, jambo hilo liandikwe katika taarifa ya polisi na ubalozi wa Kenya ujulishwe. Kwa walio Thailand, ubalozi uko Bangkok. Msafiri asijaribu kuichukua kwa nguvu. Ugomvi humfanya mlalamikaji awe mshtakiwa.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kufuli iliyotolewa na duka haizuii wizi wa ufunguo wa pili?

2. Rafiki yako ametakiwa kuacha pasipoti. Atoe nini badala yake, na adai nini mkononi?

3. Taja mambo mawili ambayo mkataba usipoyataja humweka mteja hatarini.

Kabla ya safari, mwenye pasipoti aache nakala yake kwa jamaa nyumbani, pamoja na nambari ya simu ya ubalozi wa Kenya ulio karibu na anakokwenda.