Kuomba Ruhusa ya Kukata Rufaa: Tuliyoyapitia Kililana

Tangu ujenzi wa bandari ya Lamu uanze huku kwetu Kililana, wakandarasi wadogo na vikundi vya vijana wamezoea kufukuzia tenda za taasisi za umma. Kikundi chetu kilipata ya kokoto. Mzigo ulipokewa, hati zikatiwa sahihi na muhuri, lakini malipo hayakuja. Mkataba ulisema mgogoro uende kwa msuluhishi. Tukaenda, akaamua tulipwe. Taasisi ile ikakimbilia Mahakama Kuu, na tuzo yetu, yaani ule uamuzi wa msuluhishi, ikafutwa.

Wazee barazani walituambia, "Kateni rufaa, wanangu. Wavuvi si walikwenda Malindi wakashinda?" Ni kweli: kesi ya akina Mohamed Ali Baadi kuhusu bandari ilifunguliwa 2012, na 2018 Mahakama Kuu ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76. Lakini ile ilikuwa kesi ya katiba, na katika kesi ya katiba aliyeshindwa ana haki ya kukata rufaa bila kumwomba mtu. Yetu ilitoka kwenye usuluhishi, na huko mlango ni mwembamba. Sheria ya Usuluhishi ya 1995 inataka ugomvi uishe mapema. Tarehe 6 Desemba 2019, katika kesi ya Nyutu Agrovet na Airtel, Mahakama ya Juu ilisema kwamba uamuzi wa kufuta tuzo chini ya kifungu cha 35 unaweza kufika Mahakama ya Rufaa kwa nadra tu: pale jaji alipotoka nje ya sababu zilizotajwa na kifungu hicho, akatoa uamuzi wenye kasoro kubwa na ya wazi kiasi cha kumfungia mtu mlango wa haki. Na kwanza uombe ruhusa.

Basi usiandike ombi la ruhusa kama rufaa yenyewe. Majaji hawajafika kwenye swali la nani alistahili kulipwa. Wenzangu walitaka tueleze deni la lori, karo za watoto, na vile jaji "hakutuonea huruma". Nawaelewa, maana deni hilo nalilipa nao mpaka leo. Wakili wetu alifuta yote akabakisha swali moja: je, Mahakama Kuu ina mamlaka, chini ya kifungu cha 35, ya kupima upya ushahidi wa kupokewa mzigo ambao msuluhishi alikwisha kuuamua? Chini yake akaweka aya za uamuzi, kwa namba, zinazoonyesha jaji akihesabu upya hati zetu za kupokea mzigo. Nilipousoma ukurasa ule niliona kwa mara ya kwanza kwamba tuna kesi. Angalia pia neno "sera ya umma". Limo katika kifungu cha 35, na taasisi za serikali hulipenda sana. Kama tuzo yako ilifutwa kwa sababu hiyo, onyesha ni sheria gani hasa iliyosemwa kuvunjwa, au kwamba haikutajwa yoyote.

Siku za kuomba ruhusa ni 14. Zinahesabiwa tangu uamuzi uliposomwa, si tangu ulipopata nakala, kwa hiyo usikae kungoja karatasi. Ndani ya siku hizohizo weka notisi ya rufaa katika Mahakama Kuu. Kanuni zinaruhusu notisi itangulie ruhusa, na wengi wanaponzwa hapa kwa kudhani lazima ruhusa ije kwanza. Omba mwenendo wa kesi kwa barua ndani ya siku 30, na nakala ya barua umpe mpinzani. Rufaa yenyewe inatakiwa ndani ya siku 60 tangu notisi, na barua hiyo ndiyo itakayokupatia cheti cha kuchelewa iwapo mahakama itachukua muda kuchapa.

Hati ya kiapo ya kuunga mkono ombi tulikwenda kuitia sahihi Amu, kwa boti kutoka Mokowe, kisha yote yakapakiwa kwa mtandao. Piga picha za hati zako mchana, kila ukurasa peke yake, muhuri na tarehe vionekane. Hati mbili zetu zilikuwa zimelowa chumvi, wino umefifia, ikabidi dereva aliyeleta mzigo aape hati yake mwenyewe.

Kama ugomvi wako ni wa kunyimwa tenda na si wa malipo, njia ni nyingine na haina ombi la ruhusa ya kukata rufaa. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inakupa siku 14 kwenda Bodi ya Mapitio, nayo iamue kwa siku 21. Siku 14 za kwenda Mahakama Kuu, kisha 7 tu za kwenda Mahakama ya Rufaa. Huko muda ndio unaoua kesi.

Sisi ruhusa tulipewa, na rufaa inangoja kusikizwa. Hata tukishinda, mali ya serikali haipigwi mnada: itabidi tuchukue cheti cha amri ya malipo, tumpelekee afisa mhasibu, na akikaa kimya turudi mahakamani kuomba alazimishwe kulipa. Gharama za hatua hiyo tumeanza kuzichangia sasa.