Gari la Kwanza la Kijana: Someni Chesisi Kabla ya Bei

Mzazi wa Busia, ambaye mwanawe ametimiza miaka 18 na kupata leseni, huvutwa na bei ya gari kuukuu lililo ng'ambo ya mpaka. Na ajue kwamba tangu mwaka 2018 Uganda hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 15, ilhali kikomo cha Kenya ni miaka 8. Basi gari la miaka 12 lenye namba za Uganda, ingawa ni halali kabisa huko, kwa kawaida halitakubaliwa kusajiliwa Kenya.

Muuzaji alijua hilo, ndipo humwambia mnunuzi aliendeshe kwa kibali cha muda cha forodha. Kibali hicho ni cha mgeni apitaye, si cha gari lililouzwa. Siku litakapozuiliwa barabarani, atakayekuwa kwenye usukani ni mtoto wenu.

Namba ya chesisi isomeni wenyewe, palepale ilipogongwa kwenye chuma, mwilinganishe na hati ya usajili, na jina la hati mlilinganishe na kitambulisho cha muuzaji. Palipopigwa msasa au kuchomelewa upya pana jambo. (Rangi mpya juu ya gari kuukuu nayo yataka kuulizwa.) Mkiona shaka, leteni namba hiyo kituoni kabla ya kulipa: polisi huweza kuitafuta katika kumbukumbu za INTERPOL za magari yaliyoibwa.

Breki na mikanda mwachieni fundi wenu, si fundi wa muuzaji.