Usiingie kazini na deni la Bonane kichwani



Kila mwaka, mwezi wa 12 unapofika, masoko yanajaa. Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, ni namna moja: viatu vya watoto vimetundikwa, vikwembe vipya vimepangwa, kuku wanalia ndani ya vitunga. Watoto wanauliza kila jioni: "Baba, nguo zetu za Noeli?" Jirani amekwisha kununua. Wandugu wa kijiji wametuma habari kwamba wanakuja. Ni furaha. Lakini kwa wengi ni wakati wa mawazo mazito pia, na mawazo hayo hayabaki nyumbani. Yanaingia kazini pamoja nasi.

MFANO

Tuseme kuna mfanyakazi wa kwenye mkanda unaopeleka mawe. Feza ya mwezi wa 12 haikutosha. Akaenda kwa Banki Lambert, ni kusema mtu wa mtaa anayekopesha kwa faida. Akachukua dola 100, kwa mapatano ya kurudisha 150 mwisho wa mwezi wa kwanza. Hakumwambia bibi yake. Noeli ilikuwa nzuri: watoto walivaa, wageni walikula. Lakini toka tarehe 2, usingizi ukakimbia. Usiku kucha alihesabu: unga, feza ya masomo ya mtoto wa sekondari, dola 150.

Asubuhi moja akaona jiwe limekwama chini ya mkanda. Akanyoosha mkono kulitoa, bila kuzima mashini wala kutia kufuli lake. Kazi hiyo anaijua toka miaka kumi! Mwenzake akapiga kelele, akavuta kamba ya kusimamisha mkanda. Mkono ukapona. Kapita alipomuuliza, alijibu: "Sikuwa hapa."

Mtu huyu si mjinga wala mvivu. Mwili wake ulikuwa kazini, akili yake ilikuwa kwenye deni.

MAWAZO YANACHOSHA MWILI

Mawazo yakiwa mengi, moyo unapiga mbio, kichwa kinauma, usingizi unakatika. Mtu aliyekaa macho saa 17 anakuwa mzito wa kuona na kutenda, sawa na mtu aliyekunywa. Wengine wanatafuta dawa ndani ya chupa. Tufahamu: bia moja ya sentilita 72, mwili unahitaji karibu saa 3 au 4 kuimaliza. Anayekunywa nne usiku, toka saa 2 mpaka saa 6, anaingia zamu ya saa 12 ya asubuhi akiwa na pombe ndani ya damu. Kahawa na maji baridi haviiondoi. Tena pombe inaharibu usingizi, na kesho mawazo yanarudi na nguvu zaidi.

TUFANYE NINI?

1. Ongeeni mbele ya kununua. Baba na mama wakae pamoja na waandike kwanza mambo ya mwezi wa kwanza: chakula, nyumba, masomo, dawa. Kinachobaki ndicho cha sikukuu. Kama mshahara umetolewa mbele ya Noeli, mwezi unaofuata utakuwa mrefu.

2. Msifichane deni. Deni linalojulikana na wawili linatafutiwa njia. Deni la siri linakula mtu usiku.

3. Waambieni watoto kweli. "Mwaka huu ni viatu, nguo tutaona Pasaka." Mtoto anaweza kungoja nguo. Kuona wazazi wakigombana kunamuumiza zaidi.

4. Usipime nyumba yako kwa nyumba ya jirani. Unaona kikwembe chake, huoni daftari la madeni yake.

5. Wageni waambiwe mapema kile mnachoweza. Mama asibebe kazi zote peke yake mpaka aanguke.

6. Kwa mwaka ujao, fanyeni likelemba na wenzi mnaoaminiana, ili zamu yako iangukie mwezi wa 12.

7. Kama hukulala, mwambie kapita mbele ya kugusa mashini. Nawe kapita, usimcheke. Mpe kazi isiyo ya hatari.

ALAMA ZA HATARI

Angalia mwenzako na mtu wa nyumbani kwako: amebadilika, hasemi, hali, anakasirika bure, anakunywa peke yake, analia mafichoni. Kama inapita wiki mbili, mpelekeni kwa mganga wa hospitali. Si aibu, wala si kurogwa. Ni ugonjwa, na unatunzwa. Lubumbashi kuna kituo Joseph Guislain kinachotunza wagonjwa wa namna hiyo. Mtu akisema "afadhali nife", usidhani anacheka. Usimwache peke yake, mpeleke siku hiyo hiyo.

MAULIZO YA KUJADILIANA NYUMBANI

– Mwaka jana tulitumia feza ngapi kwa sikukuu? Deni lilikwisha mwezi gani?
– Ni kitu gani watoto wanakikumbuka bado: nguo, ao siku tuliyokula wote pamoja?
– Nani kati yetu halali vema siku hizi?

Nguo ya Noeli inachakaa, mwaka ujao tutanunua nyingine. Mkono wa baba hauuzwi sokoni.