Aandikishwe Kwanza, Apimwe Baadaye: Mwongozo kwa Walimu, Machifu na Wahudumu wa Afya ya Jamii, Migori na Homa Bay

Mzazi akifika shuleni mwezi Januari na mtoto anayetambaa, au asiyesema, au mwenye ualbino ambaye macho hayatulii juani, jibu analopewa mara nyingi ni lile lile: nenda kwanza ukalete karatasi ya daktari. Anarudi nyumbani. Nauli ya kwenda hospitali ya kaunti hana, muhula unaisha, na mwaka unaofuata mtoto ameshakuwa mkubwa kiasi cha kuona haya kuketi na wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea. Mwongozo huu ni kwa watu wanaokutana na mzazi huyo kabla hajafika ofisi yoyote: mwalimu wa darasa, mwalimu mkuu, naibu wa chifu, mzee wa kijiji na mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumba kwa nyumba.

Sheria haikuweka karatasi mlangoni. Kifungu cha 53 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kufikia taasisi za elimu zilizounganishwa na jamii, kwa kadiri inavyomfaa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inakataza shule kumbagua mtoto anayetafuta nafasi kwa sababu ya ulemavu. Kwa hiyo utaratibu ni huu: mtoto anaandikishwa katika shule iliyo karibu, anapewa dawati, kisha tathmini inafuata ili kujua atasaidiwa vipi na wapi. Anayegeuza utaratibu huo anaivunja sheria, hata kama nia yake ni njema.

Karatasi mbili zisizofanana

Mkanganyiko mwingi unatokana na kuchanganya tathmini ya hospitali na tathmini ya elimu.

Tathmini ya hospitali ndiyo inayomsajili mtu na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD. Madaktari wanathibitisha hali yake, fomu inaidhinishwa na wizara ya afya, na mwishowe anapata kadi. Kadi hiyo inamfungulia njia ya kuomba vifaa kama kiti cha magurudumu, misaada ya karo, na mafuta ya kukinga ngozi kwa wenye ualbino. Ni kadi yenye faida, na mzazi ahimizwe kuitafuta. Lakini haisemi mtoto asome wapi, wala haisemi afundishwe namna gani.

Hilo ni jukumu la kituo cha tathmini na nyenzo za elimu, ambacho walimu wote wanakijua kama EARC. Vituo hivi vilianza mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, miaka miwili kabla ya Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, kuanzishwa Nairobi. Wanaofanya kazi humo ni walimu waliosomea elimu maalum, chini ya wizara ya elimu. Si madaktari. Wanachotafuta ni kujua kinachomzuia mtoto kujifunza, kinamzuia kwa kiasi gani, na kizuizi hicho kitaondolewa na nini. Ripoti yao ndiyo inayomweka mtoto katika elimu maalum ya shule za umma.

Kutokana na hilo, jina la ugonjwa peke yake halitoshi, na kukosekana kwa jina la ugonjwa hakumfungii mtu mlango. Mtoto mwenye mguu mmoja mfupi anayesoma sawa na wenzake pengine anahitaji choo chenye mlango mpana na darasa lisilo na ngazi, basi. Mwenzake asiye na alama yoyote mwilini, lakini yuko Gredi ya 4 na hajatambua herufi, anaweza kustahili usaidizi mkubwa kuliko yeye. Kifungu cha 44 cha Sheria ya 2013 kinataja ulemavu wa akili, viungo, macho na masikio, matatizo ya hisia, na ulemavu wa aina nyingi kwa pamoja. Kinawataja pia watoto wenye vipaji vya kipekee, jambo ambalo ni nadra kulisikia likizungumzwa katika baraza la chifu.

Daftari la mwalimu

Kazi kubwa ya mwongozo huu iko hapa, kwa sababu ofisa wa EARC atakaa na mtoto saa chache tu, na mwalimu anakaa naye mwaka mzima.

Barua nyingi za rufaa zina mstari mmoja: mtoto huyu ni mzito, hashiki. Ofisa hawezi kufanya chochote na sentensi hiyo. Ilinganishe na hii: “Akiketi dawati la mbele ananakili ubaoni bila shida. Akihamishwa nyuma ananakili daftari la jirani. Hesabu za mdomo anapata. Hugeuza kichwa upande wa kushoto akiitwa.” Hapo ofisa ameshajua aanzie kwenye macho na masikio, na neno uzito halina kazi tena.

Andika unachokiona, siku kwa siku, kwa majuma kadhaa. Anashikaje penseli? Anachoka baada ya muda gani? Anaelewa maagizo mawili yakitolewa pamoja, au moja moja tu? Anacheza na nani wakati wa mapumziko? Simama nyuma yake, mahali asipoweza kuuona mdomo wako, umwite kwa sauti ya kawaida. Ukimwita ukiwa mbele yake utapima uwezo wake wa kusoma midomo. Muulize mama alianza kutembea lini na kusema lini, na kama aliwahi kulazwa. Katika ukanda huu wa ziwa, ambako malaria haikauki mwaka mzima, swali la kulazwa lina uzito wake: malaria iliyopanda kichwani na homa ya uti wa mgongo huweza kumwachia mtoto kifafa, uziwi au udhaifu wa upande mmoja, na familia isihusishe mambo hayo mawili.

Kabla ya kufikiria ulemavu wa akili, macho na masikio yapimwe katika hospitali iliyo karibu. Sikio linalotoa usaha linatibika. Mtoto wa jicho anaondolewa kwa upasuaji. Kumpeleka yuniti ya elimu maalum mtoto aliyehitaji miwani tu ni dhuluma, na hutokea.

Lipo pia suala la lugha, na Migori linahitaji uangalifu wa pekee. Mtoto wa Kuria Mashariki aliyelelewa kwa Kikuria, akahamia Awendo au Suna na kuingia darasa la Kijaluo, Kiswahili na Kiingereza, anaweza kunyamaza muhula mzima. Ukimya huo si dalili ya ulemavu. Aulizwe kwa lugha ya mama yake, na siku ya tathmini aje na mtu anayeizungumza. Kwa mtoto kiziwi hali ni tofauti: nyumbani huenda hakuna lugha yoyote anayoishika, ni ishara za familia tu, na akipimwa kwa maneno ataonekana hana akili. Barua yake iseme wazi kwamba bado hajafundishwa Lugha ya Ishara ya Kenya.

Siku ya tathmini

Mzazi au mlezi lazima awepo, na akubali. Abebe cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, karatasi zozote za hospitali, barua ya mwalimu na daftari mbili tatu za mtoto zenye kazi zake za kila siku, hata zilizochafuka. Kama cheti cha kuzaliwa hakipo, naibu wa chifu aanze kukishughulikia mapema, maana usajili wa wanafunzi katika mfumo wa wizara unakitegemea. Tathmini yenyewe isisubiri cheti.

Ofisa atazungumza na mzazi, atacheza na mtoto, atampa kazi za kufanya kwa mikono, macho na masikio, kisha ataandika ripoti yenye mapendekezo. Anaweza kutaka hospitali iangalie jambo fulani kwanza. Mzazi apewe nakala ya ripoti, na nyingine ibaki kwenye faili la shule.

Kwa familia za Mfangano, au za mipakani kule Nyatike, safari ya kwenda makao ya kaunti ndiyo inayovunja moyo. Maofisa wa EARC hutoka na kupima watoto mashinani wakialikwa, na hakuna anayewaalika vizuri kuliko mwalimu mkuu aliyeshirikiana na chifu na mhudumu wa afya kukusanya majina ya lokesheni nzima. Fanyeni hivyo muhula wa pili. Januari kila mtu ana haraka.

Asome wapi?

Ripoti huweza kupendekeza darasa la kawaida lenye marekebisho, yuniti ndani ya shule ya kawaida, shule maalum, au mafunzo ya nyumbani kwa mwenye ulemavu mkubwa sana. Sera ya mwaka 2018 kuhusu wanafunzi wenye ulemavu inaelekea upande wa shule jumuishi, na Homa Bay ina historia yake katika jambo hili: mradi wa Oriang, ulioendeshwa na shirika la Leonard Cheshire katika eneo la Rachuonyo tangu miaka ya mwanzo ya 2000, uliwaweka watoto wenye ulemavu katika shule za msingi za kawaida pamoja na jirani zao.

Maoni yangu ni kwamba mtoto wa miaka sita asipelekwe bweni kama shule iliyo karibu inaweza kumsaidia kwa mabadiliko madogo. Kwa mtoto kiziwi nasema kinyume. Yeye anahitaji kukaa na wanaozungumza kwa ishara, na mapema, kwa hiyo shule ya viziwi ya Kuja kwa upande wa Migori au ya Lambwe kwa upande wa Homa Bay huenda ikamfaa kuliko darasa ambalo mwalimu hajui hata ishara ya maji. Asiyeona huelekezwa mara nyingi nje ya kaunti hizi mbili, kwenye shule ya Kibos ya Kisumu au St. Oda ya Siaya.

Akishawekwa, mwalimu aandae mpango wa mtoto huyo peke yake, ule unaoitwa IEP, wenye malengo yanayopimika ya muhula mmoja. Katika mtaala wa sasa ziko njia mbili. Anayeweza kufuata masomo ya kawaida yakirekebishwa hufuata gredi kama wenzake. Asiyeweza hupita kwa hatua, kuanzia ya msingi na ya kati hadi ufundi, bila kufungwa na umri. Mzazi aelezwe tofauti hiyo kwa utulivu. Wapo wanaogundua miaka baadaye kwamba mtoto wao hatafanya KPSEA, upimaji wa Gredi ya 6, pamoja na wengine bali KILEA, ambao ni upimaji wa hatua ya kati.

Ripoti ya EARC inahitajika tena wakati wa mitihani ya KNEC, baraza la mitihani la taifa. Muda wa ziada, karatasi ya maandishi makubwa na breli huombwa wakati wa kusajili watahiniwa. Mwalimu mkuu akikumbuka wiki ya mtihani, amechelewa.

Fedha pia zinafuata kumbukumbu. Juu ya shilingi 1,420 zilizowekwa kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, mwenye mahitaji maalum amewekewa nyongeza ya shilingi 2,300. Asiyeandikwa katika mfumo hahesabiwi. Lakini mtoto asibandikwe ulemavu ili hesabu ya shule inone.

Shule ikimkataa

Mzazi aombe sababu kwa maandishi, na akinyimwa, chifu au mwalimu anayemfahamu amsaidie kuandika tarehe, jina la shule na maneno aliyoambiwa. Maandishi hayo yapelekwe kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo, kisha kwa Bodi ya Elimu ya Kaunti. Ofisa wa watoto naye apewe nakala, hasa kama mtoto amefichwa nyumbani. Asiporidhika na uamuzi wa bodi, Sheria ya 2013 imeunda Baraza la Rufaa za Elimu. Na wakati rufaa inaendelea, mtoto asikae nyumbani akisubiri. Aketi katika darasa lolote la umma lililokubali kumpokea, na daftari la mwalimu liendelee kuandikwa.