Kufundisha Faida na Hasara kwa Hesabu za Vinywaji vya Mgahawa

Walimu wengi huanza somo la faida na hasara kwa kuandika kanuni ubaoni: bei ya kuuzia, toa bei ya kununulia, jibu ni faida. Wanafunzi hunakili, hufanya maswali kumi, hupata vema kumi, na somo huwa limekwisha. Lakini mtoto huyo huyo akiulizwa kwa nini mama lishe wa jirani anauza kutwa nzima na bado hana fedha za kununulia mzigo wa kesho, hana la kujibu. Kanuni aliyoinakili huzungumzia chupa moja tu, na hakuna biashara inayoishi kwa chupa moja. Katika makala haya tunaeleza namna tulivyolifundisha somo hili Bagamoyo, katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, kwa kutumia hesabu za vinywaji vya wiki moja.

Tulichagua vinywaji kwa sababu mtoto wa Bagamoyo anavijua. Mji huu, ulio umbali wa kilometa zipatazo 70 kaskazini ya Dar es Salaam, umezoea hesabu za biashara tangu karne ya 19, misafara ilipoteremsha pembe za ndovu pwani zikapimwa kwa frasila. Siku hizi mgeni ajaye kutazama Mji Mkongwe au magofu ya Kaole, akishatembea juani kwa saa moja, hutaka kitu cha kunywa kabla ya jambo lingine lolote. Migahawa ya ufukweni aghalabu huuza bia pia, na hesabu yake haina tofauti. Bia tuliiacha. Mtoto hapelekwi baa kuhesabu chupa, na wazazi wengi wa mji huu ni Waislamu ambao wangekuwa na haki ya kutulalamikia.

Hapana budi tutoe onyo mapema. Safari ya kwanza tulipojaribu somo hili, tulimwomba mwanafunzi mmoja alete hesabu za biashara ya mama yake. Tulidhani tunaunganisha darasa na maisha ya nyumbani, kama Mwalimu Nyerere alivyotaka alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Hesabu ilipomalizika ubaoni, jibu likawa hasara. Darasa lilicheka, na mtoto yule hakuonekana shuleni kwa siku tatu. Tangu hapo mgahawa wetu ni wa kubuni. Wanafunzi hutumwa kuulizia bei sokoni na dukani, lakini hakuna kitabu cha mtu kinachofunguliwa mbele ya wenzake.

Vifaa havigharimu kitu. Visoda huwakilisha chupa za soda, vipande vya vifuu huwakilisha madafu, na kokwa za ukwaju huwakilisha bilauri za juisi. Bei tunazotumia hapa ni za mfano, na kila mwalimu na azibadilishe zifuate bei za mahali alipo.

Mgahawa wetu hununua soda kwa shilingi 600 na kuiuza kwa 900. Dafu hununuliwa kwa shilingi 500 na kuuzwa 1,000. Bilauri ya juisi ya ukwaju, ukihesabu ukwaju, sukari, barafu na mkaa, hugharimu shilingi 400 na kuuzwa 1,000. Mwalimu na aulize hapo hapo: kinywaji gani kina faida kubwa kuliko vingine? Wanafunzi watapiga hesabu kwa kanuni waliyoizoea: soda asilimia 50, dafu asilimia 100, juisi asilimia 150. Watajibu kwa sauti moja kwamba ni juisi. Mwalimu asiwakosoe. Na aliandike jibu hilo pembeni mwa ubao, aliache.

Sasa zifuate habari za wiki. Fedha za soda zilizoingia sandukuni ni shilingi 129,600, yaani chupa 144. Fedha za madafu ni shilingi 60,000, na madafu 60 yaliyonunuliwa yote yaliuzika. Juisi ilitengenezwa bilauri 80, zikauzwa 50 na kuingiza shilingi 50,000. Bilauri 30 zilichacha zikamwagwa.

Juisi iliyomwagwa ndiyo inayozua ubishi wa kwanza. Baadhi ya wanafunzi hutoa gharama ya bilauri 50 tu na kupata faida ya shilingi 30,000. Kundi jingine husema sukari ya zile 30 nayo ilinunuliwa. Waache wabishane mpaka mmoja wao akusanye kokwa 80 mezani na kuuliza ni nani aliyelipia hizi 30. Gharama ya bilauri 80 ni shilingi 32,000, basi faida ni 18,000.

Soda ina fumbo lake, na kwa maoni yetu hapa ndipo penye kiini cha somo. Jumatatu asubuhi palikuwa na chupa 48. Katika wiki ziliongezwa kreti 6 za chupa 24, yaani chupa 144. Jumapili jioni zilibaki 40. Mwanafunzi mmoja na apange visoda 192 mezani, aondoe 40, ahesabu vilivyosalia. Atapata 152. Sandukuni, hata hivyo, mna fedha za chupa 144. Chupa nane zimekwenda wapi?

Katika somo zima hakuna swali ambalo watoto hulijibu kwa ujuzi zaidi. Shangazi alikuja akakaribishwa. Mjomba alikopa, haikuandikwa. Moja ilianguka ikavunjika. Msaidizi alisikia kiu. Mwizi hutajwa mara chache, na mwalimu naye asimtangulize. Kwa chupa iliyovunjika, wakumbushwe kwamba chupa tupu hurudishwa kwa muuzaji wa jumla, hivyo ikivunjika hasara huzidi thamani ya soda iliyokuwamo. Katika hesabu yetu tunatosheka na gharama ya soda 152, ambayo ni shilingi 91,200. Faida ni shilingi 38,400, wala si 43,200 kama sanduku lilivyoonyesha.

Bado kuna barafu na umeme wa jokofu linalotunza chupa, jumla shilingi 21,000 kwa wiki. Dafu halihitaji jokofu, na barafu ya juisi tumekwisha kuihesabu. Soda basi inabakiwa na shilingi 17,400. Dafu lina 30,000, juisi 18,000. Kinywaji kilichoongoza kwa mauzo kimekuwa cha mwisho, na juisi iliyoongoza kwa asilimia imepitwa na dafu. Jumla ni shilingi 65,400. Ukitoa mshahara wa msaidizi, shilingi 35,000, mwenye mgahawa anabakiwa na shilingi 30,400 baada ya kushika mkononi shilingi 239,600. Tofauti ya namba hizi mbili iandikwe kwa herufi kubwa ubaoni. Wengi wanaokula mtaji wao hawajui kwamba wanaula, kwa sababu hutazama namba ya pili pekee.

Wapo wanafunzi watakaosema soda iachwe. Waulizwe: familia iliyokuja kula samaki ikikosa soda ya mtoto, itakaa? Mkwezi ataweza kuangusha madafu mengine 100 kila wiki? Hapa hesabu haitoi jibu peke yake.

Wakati wa kulinganisha miezi, mwalimu wa pwani awe mwangalifu. Mwezi wa Ramadhani hutangulia kwa siku zipatazo 11 kila mwaka: mwaka 2023 ulianza karibu na mwisho wa Machi, na mwaka 2025 mwanzoni mwa Machi. Anayelinganisha mauzo ya mchana ya Machi za miaka hiyo miwili bila kutazama mwandamo wa mwezi atasema biashara imekufa, kumbe watu wamefunga. Mvua za masika nazo hupunguza wageni.

Kwa zoezi la nyumbani sisi hutoa swali hili. Bei ya soda ikipandishwa hadi shilingi 1,000, na soda zinazouzwa zikapungua kutoka 144 hadi 120, mwenye mgahawa amefanya vema au vibaya? Mwanafunzi ajibu kwanza kwa makisio, kisha kwa hesabu, na majibu yote mawili yabaki daftarini bila kufutwa.