Sabuni Iliyoua Kuliko Mafuta

Safari hii tujifunze habari ya mafuta yanayomwagika baharini, na jinsi watu wanavyohangaika kuyaondoa.

Jumamosi tarehe 18 Machi 1967, mkesha wa Jumapili ya Matawi, meli iitwayo Torrey Canyon ilipanda mwamba karibu na visiwa vya Scilly, kusini-magharibi mwa Uingereza. Ilitoka Kuwait na tani 119,000 hivi za mafuta yasiyosafishwa. Nahodha alikuwa akiwahi maji kujaa katika bandari ya Milford Haven, akashika njia ya mkato.

Mafuta yalifika pwani ya Cornwall, kisha kisiwa cha Guernsey na Ufaransa. Ndege wa baharini walikufa kwa maelfu. Serikali ya Uingereza iliipiga meli ile mabomu ili mafuta yaliyobaki yaungue. Magazeti yalipenda sana habari ya mabomu, lakini somo letu liko kwenye sabuni.

Wenyeji walitaka pwani iwe safi kabla ya wageni wa kiangazi. Basi zikamwagwa tani 10,000 hivi za sabuni kali, iliyokuwa ya kuondolea grisi kwenye mashine. Weusi ukatoweka, watu wakafurahi. Lakini mama yeyote aoshaye sufuria ya nyama katika karai anajua kwamba mafuta hayapotei: yamekatika vipande vidogo mno, yamo ndani ya maji yale yale. Ndivyo ilivyokuwa baharini, na zaidi ya hayo sabuni yenyewe ilikuwa na sumu.

Penye miamba wanaishi konokono wadogo wenye gamba mfano wa kofia, nao hula mwani mchanga. Wengi wao waliyavumilia mafuta, sabuni ikawaua. Walipokwisha, hapakuwa na wa kula mwani, miamba ikageuka kijani, halafu ikafunikwa na mwani mkubwa. Miaka michache baadaye konokono wapya walizaliwa wengi kupita kiasi, wakaumaliza mwani wote, wakaanza kuhama kutafuta chakula. Palipomwagiwa sabuni nyingi palichukua miaka 10 hadi 15 kurudia hali yake.

Mahali pamoja, Godrevy, hawakutumia sabuni kwa sababu waliwahofia sili, wanyama wa baharini wanaopumzika pale. Mafuta yaliachwa yapigwe na mawimbi na kuliwa na vijidudu. Baada ya miaka 2 au 3 tu miamba ya pale ilikuwa imepona.

Je, wakubwa walijifunza? Kwa upande wa sabuni, ndiyo. Zilitengenezwa nyingine zenye sumu kidogo. Lakini mwaka 1989 meli Exxon Valdez ilipomwaga tani 37,000 hivi huko Alaska, mawe ya pwani yalioshwa kwa maji ya moto yenye nguvu kubwa. Yakawaua viumbe waliokuwa wamenusurika na mafuta. Bahati njema, sehemu kadhaa ziliachwa bila kuoshwa makusudi, ili zilinganishwe na nyingine. Mwalimu yeyote wa sayansi angewasifu kwa hilo.

Na Guernsey je? Wao waliyafyonza mafuta yao wakayamwaga katika shimo lililochimbwa mawe. Zaidi ya miaka 40 baadaye yalikuwa bado humo, nao wakihangaika namna ya kuyaondoa.